Je, Wajua? Matuta ya Usambara: Udongo Unaobeba Reli na Kuzuia Maji

Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita zipatazo 33, na katika mwendo huo barabara inapanda kama mita 1,000. Upande mmoja wa dirisha la basi kuna ukuta wa mlima uliokatwa, upande wa pili korongo la mto. Ukifika Soni na kuendelea juu, macho yanaanza kuona mistari: safu za majani zilizokatiza mashamba ya mteremko, kila moja imesimama juu ya tuta lake. Kule chini ulikotoka umeacha matuta mengine, ya majaruba ya mpunga na lile refu la reli linalozunguka mguu wa milima.

Yote hayo ni udongo uliopandishwa mahali ambapo haukuwa, ili uzuie maji au ubebe njia. Tumekusanya hapa mambo yanayohusu matuta ya aina hiyo, mengi ya Usambara na mengine ya kwingineko. Ukiyasoma kwa pamoja utaona jambo moja likijirudia: tuta hudumu kwa muda ule ambao anayelitunza anapata kitu kutoka kwake.

Je, wajua kwamba reli ya Tanga ilichukua miaka 18 kufika Moshi?

Kazi ilianza Tanga mwaka 1893. Ilikuwa reli ya kwanza ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, na lengo la mwanzo lilikuwa kuyahudumia mashamba ya walowezi yaliyokuwa yakifunguliwa Usambara. Kampuni binafsi iliyopewa kazi ilifika Muheza, kama kilomita 40 tu, fedha zikaisha. Mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikaichukua reli. Ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911: kilomita 352 kwa jumla. Linganisha na Waingereza waliotoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, zaidi ya kilomita 900.

Reli hiyo inaitwa ya Usambara lakini haikupanda Usambara. Inapita chini, baina ya milima na nyika, kisha inafuata bonde la Mkomazi kuelekea Upare, kwa kuwa gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko wa kupandia mlima mkali. Ili njia iwe na mwinamo mdogo, mjenzi wa reli hufanya hesabu ya kilima na bonde: palipoinuka panachimbwa, na udongo uleule unabebwa kwenda kujaza palipodidimia. Hesabu hiyo ikienda vizuri, udongo unasafiri hatua chache tu. Kwa watu waliofanya kazi kwa majembe, mabeleshi na makarai, hatua chache zilikuwa na maana kubwa.

Sehemu zilizochimbwa nazo zina historia. Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi walioletwa na Waingereza kutoka India waliposhuka Tanga, mkato mrefu wa reli mashariki ya mji ukawa kikwazo kikubwa katika njia yao. Askari wa kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, walioletwa kutoka Moshi kuwapinga walikuja kwa reli hiyohiyo, na Waingereza wakarudi merikebuni wameshindwa.

Tuta lile la zamani bado lina kazi. Mwaka 1963 kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi kiliiunganisha reli ya Tanga na reli ya kati. Ndiyo maana treni ya abiria ya Dar es Salaam kwenda Moshi iliporudi Desemba 2019, baada ya miaka mingi ya ukimya, ilipita tena Korogwe na Mombo.

Je, wajua walifanyaje palipokuwa pakali mno kwa tuta?

Kwenye Usambara ya Mashariki kulikuwa na reli ndogo ya kutoka Tengeni kwenda Sigi, chini ya Amani, kwa ajili ya mbao. Ilipanda kwa kwenda mbele na kurudi nyuma: treni inasogea hadi mwisho wa kipande, inasimama, kisha inapanda kinyumenyume kipande kinachofuata. Magharibi, katika msitu wa Shume, mteremko haukukubali hata hilo. Mbao za mwangati, ambazo Wazungu waliziita mwerezi, zilishushwa hadi Mkumbara zikining'inia kwenye kamba ya chuma yenye urefu wa kilomita 9 hivi, iliyotengenezwa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig. Mkumbara ndipo tuta la reli lilipozipokea.

Je, wajua kwamba wakulima wa milimani walikuwa na mabwawa yao kabla ya mhandisi yeyote?

Mabwawa hayo yanaitwa ndiva. Utayakuta zaidi Upare ya Kusini, katika wilaya ya Same, lakini hata Lushoto yapo. Ndiva ni tuta la udongo na mawe lililojengwa kukinga mfereji au kijito kidogo. Maji ya kijito kama hicho ni haba: ukiyaachia yaende yenyewe shambani, yanazama ardhini kabla hayajafika mbali. Kwa hiyo usiku kucha yanaachwa yajaze ndiva. Asubuhi tundu lililo chini ya tuta linazibuliwa, na maji yaliyokusanyika yanatoka kwa nguvu, yanashuka mferejini na kufika hadi shamba la mwisho.

Ufundi wa kujenga ni nusu tu ya ndiva. Nusu nyingine ni zamu: nani anafungulia leo, nani kesho, nani anatoka kuzoa tope mvua zikikaribia. Ndiva nyingi zilianzishwa na koo, zikabeba majina ya waanzilishi, na asiyetoka siku ya kazi alijua kwamba zamu yake ya maji iko hatarini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 mradi wa kuboresha kilimo cha asili cha umwagiliaji ulizikarabati baadhi yake, katika wilaya za Mwanga, Same na Lushoto, kwa saruji na milango ya chuma. Saruji ilisaidia kupunguza uvujaji, lakini zamu zilibaki kuwa za wenyeji. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya msingi ya ndiva kuwa hai hadi leo.

Je, wajua kwamba matuta yaliwahi kuleta mgomo Usambara?

Hapa inafaa tukae kidogo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Kiingereza ilitazama milima ya Usambara ikaona udongo unaoshuka na mito iliyogeuka nyekundu. Tatizo lilikuwa la kweli. Mwaka 1946 mpango ukaanza katika bonde la Mlalo, kisha ukapanuliwa kwenda sehemu nyingine za Usambara. Wakulima walitakiwa wageuze mashamba yao kuwa matuta ya kufungana: matuta marefu yanayokatiza mteremko, na katikati yake vituta vifupi vya kuyaunganisha, hadi shamba zima linakuwa vijibwawa vidogo vya mraba. Tone la mvua likianguka humo, halina pa kwenda isipokuwa chini.

Katika nchi tambarare yenye mvua chache, mbinu hiyo ina faida. Usambara ni nchi ya mteremko mkali, na mvua yake ikiamua kunyesha inanyesha siku kadhaa mfululizo. Maji yaliyofungiwa kwenye vijibwawa hulowesha udongo hadi uwe mzito, na tuta moja likipasuka juu, maji yake yanaangukia la pili, na la pili linaangukia la tatu. Isitoshe, kuchimba matuta hayo kulifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuleta juu. Shamba la Msambaa lilikuwa na migomba, maharage na mahindi pamoja, yakifunikiana. Shamba la matuta lilitaka kila kitu king'olewe kwanza.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja mgongo. Iliongezwa juu ya kilimo cha kila siku, ambacho kwa sehemu kubwa kilikuwa mikononi mwa wanawake. Aliyekataa alikabiliwa na faini au kifungo, na waliopewa kazi ya kusimamia walikuwa watawala wa jadi wa ukoo wa Wakilindi. Hilo lilikuwa kosa zito kuliko makosa ya kihandisi. Tangu enzi za wafalme wa Vuga, Wasambaa walimpima mtawala wao kwa jambo moja: je, anaiponya nchi au anaiharibu? Mvua ya kutosha na chakula ghalani vilikuwa ushahidi kwamba nchi imepona. Sasa mtawala huyohuyo akawa anapita mashambani kuhesabu matuta na kuandika majina ya wakosaji. Watu wengi waliamini pia kwamba ardhi inatayarishwa hivyo ili baadaye wapewe Wazungu. Woga huo haukutoka hewani: karibu na nyumba zao palikuwa na mashamba ya walowezi, na mwaka 1951 Wameru wa kule Arusha waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao.

Upinzani ukaenea vijijini, chama cha TANU kikapata wafuasi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umekufa. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na kufanya utafiti Usambara, ameusimulia mgogoro huo kwa kirefu katika kitabu chake *Peasant Intellectuals* cha mwaka 1990. Uluguru mambo yalikuwa mabaya zaidi: mwaka 1955 ghasia za kupinga matuta ya ngazi zilisababisha mtu mmoja kuuawa kwa risasi.

Watu waliopigana na matuta ya serikali hawakuwa wageni wa kutunza ardhi. Walitunza ndiva, waliijua mifereji, walijua shamba gani lisiguswe wakati wa masika. Walichokataa ni tuta linalowadai jasho na kuwapa shamba lenye udongo mwekundu usiozaa.

Je, wajua kwamba Machakos walipita njia hiyohiyo, kisha wakageuka?

Ukambani, nchini Kenya, serikali ya kikoloni ililazimisha matuta tangu miaka ya 1930, na watu wakayachukia. Baada ya uhuru wakulima walewale na watoto wao waliyajenga kwa maelfu, bila kusukumwa, katika vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya, ambavyo wanachama wake wengi ni wanawake. Kitabu cha mwaka 1994, *More People, Less Erosion*, kilionyesha kwamba idadi ya watu wa Machakos ilizidi kuongezeka huku mmomonyoko ukipungua.

Aina ya tuta waliyoipenda ni fanya juu. Unachimba mtaro unaokatiza mteremko, kina kama sentimita 60 na upana kama huo, na udongo unautupa upande wa juu. Hapo linapatikana tuta lenye mtaro chini yake. Mvua ikinyesha, udongo unaoteremka unagonga tuta na kutulia. Kila mwaka unajaa kidogo, mkulima anaongeza kimo cha tuta, na baada ya misimu kadhaa shamba la mteremko limekuwa ngazi zilizo karibu tambarare. Maji ndiyo yaliyosawazisha. Mkulima aliyawekea kizuizi tu. Mbinu hii imesambaa hadi Ethiopia.

Je, wajua kwamba vijiti vitatu na jiwe vinaweza kupima mlima?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulianza Lushoto mradi wa kuzuia mmomonyoko na kuendeleza kilimo mseto, ukisaidiwa na Ujerumani. Ulijulikana kwa kifupi SECAP, na ulidumu kwa karibu miaka 20. Huu ulianza na ng'ombe. Mkulima alishauriwa kumfungia ng'ombe zizini, na majani ya kumlisha yapandwe kwenye mistari inayokatiza shamba: majani ya Guatemala au matembo, pamoja na miti kama grevilea. Mstari unazuia udongo, udongo unajikusanya nyuma yake na kuwa tuta, majani yanakwenda kwa ng'ombe, samadi inarudi shambani. Sasa mkulima anayelegeza mstari wake anapunguza maziwa yake mwenyewe. Tofauti na mpango wa Mlalo wa 1946 iko hapo, na mistari mingi unayoiona ukipanda kutoka Soni ni ya ukoo huo.

Lakini mstari lazima uwe sawa kabisa. Ukiinama kidogo tu, maji yanaufuata kama mfereji hadi kwenye kona, yanakusanyika, yanatoboa. Kipimo kinachotumika ni fremu A, na mtu yeyote anaweza kuitengeneza. Chukua fito mbili za urefu wa mita 2 hivi, zifunge pamoja juu ili zipanuke chini. Zikatize kwa fito ya tatu katikati. Kutoka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe, upite mbele ya ile fito ya kukatiza.

Isimamishe mahali popote, weka alama uzi unapogusa fito. Zungusha fremu ili miguu ibadilishane nafasi palepale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo uzi utakapotulia miguu yote miwili ikiwa kwenye usawa mmoja. Baada ya hapo unaitembeza: mguu mmoja unabaki, wa pili unatafuta mahali ambapo uzi unarudi katikati, unapigilia kigingi, unasonga. Vigingi vinapomaliza shamba, mstari wake mara nyingi unawashangaza wenye shamba, maana unajipinda kufuata mlima pale ambapo jicho lingechora moja kwa moja. Anayeuamini uzi kuliko jicho lake hupata tuta lisilovunjika.

Je, wajua kwamba udongo mkavu haushindiliki vizuri, na uliolowa kupita kiasi haushindiliki kabisa?

Kila udongo una unyevu wake unaoufaa. Mhandisi wa Marekani Ralph Proctor aliyechunguza matuta ya mabwawa California ndiye aliyeweka kipimo hicho katika maabara mwaka 1933, na hadi leo maabara za barabara Tanzania hupima "Proctor" kabla ya kuruhusu tabaka jingine kumwagwa. Tuta jema hujengwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikishindiliwa kabla ya inayofuata. Mitambo mingine ya kushindilia ina ngoma yenye vinundu vilivyoigwa kwato za kondoo, kwa sababu kwato ndogo hushindilia kutoka chini kwenda juu. Kuna mabwawa ya udongo yaliyofikia vimo vya kutisha kwa njia hiyo: la Nurek, nchini Tajikistan, lina mita 300.

Je, wajua kwamba tuta la reli linaweza kugeuka bwawa bila mtu kukusudia?

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka kwa kishindo juu ya kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, nchini Kenya, na kuua zaidi ya watu 40. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Wizara ya Maji ikaeleza kwamba chini ya tuta la reli ya zamani palikuwa na njia ya kupitishia maji, na mvua ilikuwa imeiziba kwa magogo, mawe na tope. Tuta likakinga maji ya bonde zima, yakapanda, kisha likaachia kwa mara moja.

Jambo hilo linaigusa Usambara moja kwa moja. Kuanzia Korogwe kwenda Mkomazi, reli na barabara kuu vimelala kama kizingiti chini ya milima, na kila mto na kila korongo linaloteremka lazima lipite chini yake. Kalavati lililojaa matope na vigogo ni tuta jipya la bwawa. Kulizibua kabla ya masika ni kazi ya siku moja ya watu wachache, na napenda kusema wazi kwamba hakuna kazi ya barabara yenye faida kubwa zaidi kwa gharama ndogo kama hiyo.

Je, wajua udongo wa mlimani unaishia wapi?

Mto Umba unaanzia Usambara ya Magharibi na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi upande wa Kenya, karibu na Vanga. Mto Zigi unatoka misitu ya Amani na kujaza bwawa la Mabayani, ambalo ndilo linalonywesha jiji la Tanga. Udongo usiokingwa na tuta shambani unayafuata maji, na unapofika bwawani unakaa mahali pa maji ya kunywa.

Je, wajua kwamba kuna matuta ya kale hata nje ya Usambara?

Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, pana mabaki ya mashamba yaliyopangwa kwa mawe na mifereji, yaliyolimwa kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi. Uganda, Bigo bya Mugenyi ina mahandaki na matuta ya udongo yanayozunguka kwa kilomita zaidi ya 10. Na Wamatengo wa Mbinga bado wanalima ngolo zao, mashimo yaliyozungukwa na matuta juu ya majani yaliyozikwa, katika milima mikali kama ya Lushoto.

Je, wajua jinsi ya kusoma tuta la bwawa baada ya mvua?

Tuta la udongo huvuja kidogo, na hilo halina hatari peke yake. Angalia rangi. Maji safi yanayochuruzika upande wa nje ni unyevu uliopenya. Maji yenye tope yanabeba punje za tuta lenyewe: kuna njia imefunguka ndani, pengine ya fuko, pengine ya mzizi wa mti uliooza, na kila dakika inapanuka kutoka nje kwenda ndani. Ndiyo maana kwenye tuta la bwawa hupandwa majani, wala haifai kuacha miti ikue, ingawa kwenye matuta ya shamba miti ni rafiki.

Angalia pia ufa unaofuata urefu wa tuta juu kileleni, na sehemu iliyobonyea. Pita kwenye utoro, yaani njia ya kutokea maji ya ziada: ukiwa umezibwa, maji yatapita juu ya tuta, na tuta la udongo likipitwa juu hukatika kwa muda mfupi. Bwawa la Solai, kaunti ya Nakuru, lilipopasuka tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40, ilikuwa usiku, na waliokuwa chini yake hawakupata onyo.

Ukiona tope, watu wa bondeni ndio wa kwanza kuambiwa, wahame upande wa juu saa hiyohiyo. Mwenyekiti wa kijiji na ofisi ya maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, wafuate baada ya hapo.